Kibali cha ujenzi kinanitaka nipande miti mitano na niache asilimia 20 ya kiwanja bila sakafu. Naanzia wapi?

Mama Neema

Habari zenu wakuu.

Kibali cha ujenzi nimekipata wiki iliyopita, halmashauri moja ya kanda ya kati, jina nalihifadhi. Ramani ni ya kawaida tu: vyumba vitatu, sebule, jiko, na nyuma kuna banda la uani lenye chumba kimoja na stoo. Kwa furaha niliyokuwa nayo sikusoma ya nyuma. Jana usiku ndipo nikageuza karatasi nikakuta masharti. Mengi nilishayasikia: kutovuka bikoni, umbali wa shimo la choo na mpaka, kubandika kibao saiti. Haya matatu ndiyo yamenitoa usingizi:

“Mwendelezaji atapanda na kutunza miti isiyopungua mitano ndani ya kiwanja.”

“Eneo lisilopungua asilimia 20 ya kiwanja litaachwa bila kusakafiwa na litaonyeshwa kwenye ramani.”

“Maji ya mvua hayataelekezwa kwa jirani.”

Kiwanja ni mita 20 upande wa barabara na mita 30 kwenda nyuma. Nyumba ni mita 14 kwa 13, banda la uani 6 kwa 4. Mbele tumeacha mita 5, ubavu mmoja mita 4 ili gari lipite, ubavu wa pili mita 2. Nyuma kuna mgunga mmoja mkubwa tuliukuta. Fundi anataka tuung'oe ili apate pa kufyatulia matofali.

Baba Neema anataka pevingi ukuta kwa ukuta. Hoja yake ni vumbi, na kwa huku kwetu hoja hiyo huwezi kuibeza. Kuanzia Julai upepo ukishika, hata uji unaunywa na mchanga. Mimi nawaza maji. Bomba linatoka kwa mgawo, sasa bustani nitaimwagilia kwa nini? Jirani wa mtaa wa pili aliweka nyasi za Pemba getini, mwaka wa kwanza zilipendeza, sasa hivi pamebaki udongo mtupu na mpira wa maji uliopasuka.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Masharti haya yanakaguliwa kweli au ni ya kujazia karatasi? Ramani imeshagongwa mhuri bila bustani, inabidi irudi? Na kwa sehemu kame kama hii nipande nini? Msingi tunaanza mwezi wa tisa Mungu akipenda.

Kinyozi wa Jumapili

Dada usijichoshe. Siku ya ukaguzi kachukue ashoki tano kwa mwenye kitalu, zipange getini zikiwa na viriba vyake, mwagia maji kidogo zing'ae. Mkaguzi akiondoka rudisha. Huku kwetu ndivyo tunavyoishi.

Mchora Ramani

Kinyozi, wewe endelea na mashine yako.

Mama Neema, sharti likishaandikwa kwenye kibali linakuwa sehemu ya kibali, halina hiari. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, hairuhusu kuendeleza kiwanja bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na idhini inaweza kuja na masharti. Ukiacha sharti, mbele ya mamlaka unaonekana umejenga nje ya idhini yako.

Kivitendo mambo yanakwenda hivi. Wanaokuja wakati wa msingi, linta na kupaua wanaangalia nondo na vipimo, miti hawana habari nayo. Anayeiangalia ni wa mwisho, yule wa kukuruhusu uhamie, na tuseme ukweli, wengi hatumwiti, tunahamia tu. Kimya kinakuwa kirefu hadi unaamini yameisha. Halafu unataka kuongeza fremu mbili za duka pale mbele, au kubadili matumizi uweke nyumba ya wageni, au jirani analalamika maji ya bati lako yanamwingilia jikoni. Faili linafunguliwa, karatasi inageuzwa, na yale masharti matatu yanakutazama. Wakati huo pevingi imeshalala na ya kuing'oa ni gharama yako.

Ramani hairudiwi yote. Mchoraji wako achukue ule ukurasa wa mpangilio wa kiwanja, aongezee vitu ambavyo wengi wetu tunavisahau kwa sababu mteja hatulipi kwa ajili yake: eneo la kijani na vipimo vyake, alama ya kila mti na aina yake, shimo la choo na la kunyonya, njia ya gari, na mishale ya mteremko kuonyesha maji yanaelekea wapi. Peleka na barua fupi idara ya mipango miji, taja namba ya kibali, sema unawasilisha mchoro wa nyongeza wa kutimiza sharti fulani na fulani. Nakala yako moja igongwe “imepokelewa”. Hiyo nakala itunze pamoja na hati.

Lingine, miti ihesabike ndani ya bikoni. Watu wanapanda nje ya ukuta wanajihesabia, kumbe hapo ni hifadhi ya barabara. Ikiwa barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, siku ya kuchimba mtaro miti yako inaondoka na greda. Ikiwa ni barabara kuu ya TANROADS usijaribu kabisa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Na kama waya wa TANESCO unapita juu ya ukuta wa mbele, hapo usiweke mti mrefu, watakuwa wanakuja kuukata kichwa na unabaki na kisiki chenye hasira.

Mzee wa Viriba

Mama Neema, salaam. Huyo mwenye kitalu anayesemwa na Kinyozi huenda ni mimi, na mche uliokwisha kusimama juani kutwa nzima kwa mtu siupokei. Umeununua huo.

Niko Dodoma, nauza miche na kupanga bustani za watu. Kazi hii niliianza 1983 nikiwa kibarua wa kumwagilia kwenye kitalu cha CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Nalitaja hilo kwa sababu vijana mnadhani masharti ya miti yameletwa juzi. Serikali ilipoamua 1973 kuhamishia makao makuu hapa, mji huu ulikuwa vumbi na upepo, na mpango mkuu wa 1976, uliotengenezwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ulipanga miti na maeneo ya wazi pamoja na barabara na nyumba, siyo baada yake. CDA ilivunjwa Mei 2017 na si wengi walioililia, ile mikataba ya ardhi ya miaka 33 iliwachosha watu. Lakini miarobaini na mijohoro mingi mnayogombania kuegesha magari chini yake ni ya enzi zile. Siku hizi kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Afisa mazingira ana hesabu ya kupeleka juu, na wa kwanza kuonekana ni wewe mwenye kibali kibichi.

Kwa hiyo sharti linasomwa “miti mitano”, na mtu anakuja kwangu ameshalipia pevingi, anataka mitano yoyote, iwe ya bei ndogo na isidondoshe majani. Kati ya masharti yako matatu, mama, la miti ndilo jepesi. Zito ni la asilimia 20 na la maji, na hayo mawili ni sharti moja lililoandikwa mara mbili.

Piga hesabu nami. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma tunapata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Bati lako pamoja na kinachotokeza nje ya kuta ni kama mita za mraba 220. Hizo ni zaidi ya lita 120,000 kwa mwaka kutoka kwenye bati peke yake. Na mvua yetu haina adabu ya kunyesha kidogo kidogo. Ile ya alasiri moja ya milimita 50 inashusha lita 30,000 kwenye kiwanja chako kizima cha mita 600. Ukisakafia ukuta kwa ukuta, lita hizo zote zinatafuta pa kutokea saa hiyo hiyo, kupitia getini au kwa jirani wa chini. Halafu Agosti unaniuliza bustani uimwagilie kwa nini.

Sasa hiyo asilimia 20, kwako ni mita za mraba 120. Usiitafute kwa kubania kona moja moja, itafute mahali maji yanapotaka kwenda. Kwa vipimo ulivyoandika, mimi ningefanya hivi. Mbele, ndani ya ukuta, mkanda wa mita 1.5 kwa urefu wa 16 (nimetoa geti la mita 4), hizo ni 24. Ule ubavu wa mita 2, ambao gari halipiti, uache wote kwa urefu wa nyumba, mita 13, unapata 26. Nyuma, mita 10 kwa 8 kuuzunguka mgunga, unapata 80. Jumla 130, umepita sharti na umebakiza akiba, maana vipimo vya saiti huwa vinalegea. Baba Neema anabakiwa na zaidi ya mita 260 za pevingi. Sijui ana magari mangapi.

Mgunga usiguswe. Huo ndio mti wako wa kwanza kati ya mitano, umeshazoea ukame wa hapo na hautakudai ndoo hata moja. Fundi akafyatulie matofali mbele, mahali pevingi itakapokuja. Kabla lori la kwanza la mchanga halijaingia, uzungushie fito umbali wa mita 3 kutoka shinani na umwambie dereva kwamba ndani ya fito haingii mtu. Mti mkubwa unakufa kwa kukanyagiwa udongo na magari zaidi ya unavyokufa kwa panga, na unachukua miaka kufa, mtu hajui sababu. Hata kama mngeamua kuukata, miji mingi siku hizi haitaki mti ukatwe kienyeji, ungeanzia kwa mtendaji wa mtaa.

Halafu kuna jambo halimo kwenye kibali chochote nilichowahi kuona. Niliitwa kwa mteja mmoja, mpera mbele ya dirisha unakuwa wa njano, wanautoa, wanaweka mwingine, nao njano. Wamemwaga mbolea, wamepiga dawa. Nikachukua sururu, nikapiga karibu na shina, sentimita kama 10 tu ikagonga na kunirudisha mkono. Tukafukua. Chini kuna sahani ya zege upana wa meza ya chakula. Hapo ndipo fundi alipokuwa anakorogea, jioni akaoshea toroli na mabeleshi hapo hapo, na siku ya kukabidhi nyumba akafukia kwa udongo mwekundu mzuri. Mizizi haina pa kupita, na chokaa ya saruji imekwisha kuuharibu udongo wa pembeni. Kwa hiyo andika kwenye makubaliano na fundi: anakorogea wapi, anaoshea wapi, na kifusi kinakwenda wapi. Nakwambia, hii inaokoa bustani kuliko mbolea yoyote ninayouza.

Miti. Mgunga mmoja. Mwarobaini mmoja nyuma, kona iliyo mbali na shimo la choo, maana mizizi yake inafuata maji. Mimi naacha angalau mita 6 kutoka shimo na kutoka msingi. Mikomamanga miwili kwenye ule ubavu wa mita 2, ni midogo, haina ugomvi na ukuta, na ukame inauvumilia. Mlimao mmoja upande wa jiko, unywe maji ya kuoshea vyombo. Mitano hiyo. Mkanda wa mbele weka bugenvilia na mishubiri, chini tandaza changarawe au majani makavu.

Ashoki sikukatazi. Nauza ashoki nyingi kuliko mti mwingine wowote na ndizo zinazolipa ada za wajukuu. Lakini haikupi kivuli, haikupi tunda, inasimama tu getini kama askari anayelinda benki.

Nyasi za kununua achana nazo. Ukoka utajiotea wenyewe ukiupa nafasi, Januari ni kijani, Agosti ni kahawia, mizizi iko hai na imeshika udongo. Vumbi la Baba Neema linatoka kwenye ardhi iliyo uchi na inayofagiliwa kila asubuhi. Ardhi iliyofunikwa kwa ukoka, changarawe au matandazo haitoi vumbi. Mwambie binti wa kazi asifagie nyuma kwa fagio la chelewa hadi udongo unang'aa, huo ndio ugonjwa wetu wa usafi.

Mama Neema

Shikamoo mzee. Asante sana, na Mchora Ramani pia.

Nimemsomea Baba Neema. Pale kwenye “sijui ana magari mangapi” amecheka, ana moja na linashinda gereji. Amekubali kimsingi ila ana maswali yake. La kwanza, ameona kwa rafiki yake vile vitofali vyenye matundu vya kupandia nyasi katikati, anauliza tukiweka hivyo kwenye njia ya gari si tutakuwa tumetimiza asilimia 20 bila kupoteza pa kuegesha? La pili, gari litakaa juani, na shemeji yangu analima zabibu anasema atatupa vipando tuvipandishe kwenye nguzo juu ya maegesho. Inawezekana au ni maneno ya shemeji?

Langu mimi, fundi ameshapima shimo la choo, liko mita 4 kutoka kwenye mgunga. Mzee umenitia hofu.

Mpwa wa Nevada

Nawasalimu wote kutoka Las Vegas, niko kwa mkandarasi wa bustani huku.

Mama Neema, ukiona nyasi za jirani zimekufa usisikitike, huku tunalipwa kuzing'oa. Mvua yetu ni kama milimita 100 kwa mwaka, nyie wa milimita 570 ni matajiri. Nyumba mpya haziruhusiwi nyasi mbele tangu miaka ya mwanzoni ya 2000. Mwenye nyasi za zamani, mamlaka ya maji inampa fedha kwa kila futi ya mraba atakayoondoa. Mwaka 2021 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba baada ya mwisho wa 2026 zile nyasi za pambo tu, za kando ya barabara na mbele ya maofisi, zisipate tena maji ya mto Colorado. Za uwanja wa mpira na bustani za watu kukaa zinabaki.

Ninachotaka kusema, neno “bustani” kwenye kibali haliwalazimishi nyasi. Kazi yangu ya kila siku ni changarawe, vichaka vya jangwani, na kila kichaka kina kipira chake cha matone. Mchoro unaonyesha hadi kipira kinapopita. Huko nyumbani watu wananunua nyasi za kapeti kwa sababu waliziona kwenye picha za hoteli.

Kinyozi wa Jumapili

Mpwa, kwa hiyo huko wanalipa mtu kung'oa na huku tunalipa kupanda. Nitumie viza.

Mchora Ramani

Kuhusu vitofali vya matundu. Mimi kwenye michoro yangu navionyesha kivyake, kwa rangi yake, na sivijumlishi kwenye ile asilimia. Sharti lako limesema “bila kusakafiwa”, na mkaguzi mwingine akiona tofali chini atasema hiyo ni sakafu, tundu au bila tundu. Ukiwa na mita 130 za udongo mtupu kwenye mchoro huna haja ya kubishana naye. Kisha njia ya gari weka hivyo vitofali kwa faida yenu, maji yatapungua getini. Ila chini yake fundi aweke kokoto na mchanga. Wengi wanamwaga jamvi kwanza halafu wanapanga vitofali vya matundu juu yake, na hapo ni urembo umenunuliwa kwa bei ya kazi.

Shimo la choo, kabla halijachimbwa ni mstari wa chokaa tu, linahama. Lipeleke kona ya pili ya nyuma, mradi umbali kutoka mpaka ubaki ule uliopitishwa. Na kwa kuwa kwenye ramani iliyogongwa mhuri lilikuwa penginepo, lionyeshe kwenye huo huo mchoro wa nyongeza, barua moja ibebe yote.

Mzee wa Viriba

Marahaba mwanangu. Mita 4 kutoka mgunga ni karibu. Siyo mti utakaoumia wa kwanza, ni shimo. Mizizi itaingia kwenye viungo vya matofali, na siku ya kuzibua utamtafuta mchawi. Fuata alivyosema Mchora Ramani, lisogeze, na kumbuka kwamba mwarobaini nao unakimbia shimo hilo hilo. Shimo likienda kona ya kulia, mwarobaini nenda kushoto.

Shemeji yako anasema kweli. Hapa Dodoma mzabibu unavuna mara mbili kwa mwaka ukipogolewa vizuri, na jua letu ndilo unalolitaka. Juu ya maegesho ni mahali pazuri mno, mimi nimewawekea watu. Nguzo za chuma za mita 2.5, nyaya juu, mashina mawili yanatosha gari moja. Lakini ujue mambo mawili. Baada ya kupogoa juu panakuwa wazi kwa wiki kadhaa, gari litapigwa jua. Na zabibu zikiiva zinaleta ndege na nyuki, na juisi inadondoka kwenye kioo. Kama gari linashinda gereji, hakuna tatizo. Kwenye hesabu ya miti mitano usiutie mzabibu, afisa atakuambia huo ni mtambaa.

Maji ya bati nilikuwa sijamaliza. Funga michirizi, ipeleke kwenye simtanki la lita 5,000. Kwa bati la mita 220 tanki hilo linajaa kwa mvua ya milimita 23 tu, kwa hiyo mara nyingi litafurika, na sharti lako la tatu linahusu hayo yanayofurika. Bomba la kufurikia lipeleke nyuma, kwenye mtaro wa mawe na changarawe wenye kina cha magoti, upande wa chini wa mgunga na mwarobaini. Mvua ya nguvu inakaa pale, inanywewa taratibu. Mtaro huo usiukaribishe kwenye msingi wa nyumba wala wa ukuta, hasa kama udongo wenu ni wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Chimba shimo la majaribio ujue una udongo gani kabla fundi hajamwaga chochote.

Ratiba ni hii, maana mnaanza msingi Septemba na mvua zinakuja Desemba. Mashimo ya miti ya nyuma na ya ubavuni yachimbwe Oktoba, sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Ule wa juu changanya na ndoo mbili za samadi iliyooza, iliyooza kweli, isiyonuka, ndio unaorudi kwanza. Usijaze hadi usawa, acha kisahani cha kushikia maji. Mche uupande mvua ya pili au ya tatu ikishanyesha. Ile ya kwanza Dodoma ni ya kudanganya, inanyesha siku moja halafu jua linawaka wiki mbili. Mchwa wa huko nawajua, nyunyiza majivu kuzunguka shina na usiache vipande vya mbao za fundi karibu, hizo ndizo zinazowaita.

Wala usisubiri nyumba iishe. Mwarobaini, mikomamanga na mlimao ipandwe Desemba hii hii huku fundi anapandisha kuta, kila mmoja na kizimba chake cha miiba kwa ajili ya mbuzi na toroli. Hadi unahamia, ina misimu miwili mgongoni na anayekuja kukagua anakuta miti, hakuti vijiti. Mkanda wa mbele pekee ndio uusubirishe, malori yatakuwa yanageuzia pale. Kiangazi cha kwanza kila mti upe ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni. Maji ya kufulia yanafaa, mradi huyawekei jiki. Kiangazi cha pili mara moja kwa wiki. Cha tatu mwarobaini hautakudai, mlimao ndio utaendelea kukusumbua.

Miche ya mwarobaini usije kununua kwangu kwa bei ya mjini. Anzia kwenye kitalu cha TFS, wakala wa misitu, kilicho karibu nawe au uulize halmashauri yenyewe, msimu wa kupanda mara nyingi wanagawa. Chagua wenye shina nene kama kidole na urefu usiozidi goti. Mrefu unaopendeza umekaa sana kwenye kiriba, mzizi umejiviringisha chini. Kipapase kiriba, ukikuta kitako kigumu kama kina fundo, urudishe.

Mama Neema

Asante mzee, asanteni wote. Fundi ameshaambiwa shimo linahama na matofali yanafyatuliwa mbele. Amenuna, anasema mbele hakuna kivuli cha kufanyia kazi.